Miezi mitano nje ya nchi na begi moja la mgongoni: uzi wa kubeba kidogo na kufua sana

Mzururaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, ila juzi mdogo wangu kanipigia akiwa anafunga sanduku la safari ya miezi mitatu. Akawa ananitajia alivyoweka, mimi nahesabu kimoyomoyo. Suruali tisa. Nikasema basi, naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtupia hapa.

Simcheki sana maana nilianza hivyohivyo. Safari yangu ndefu ya kwanza nilitoka na sanduku la kilo 23 kamili, na kibegi cha mkononi juu yake. Wiki ya pili nikafika kituo cha treni chenye ngazi, lifti imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Lile sanduku nililipandisha ngazi moja moja kama mtu anayehamisha friji, watu wananipita kushoto na kulia, na treni ikaondoka naiona. Usiku nikamwaga kila kitu kitandani, nikatenga nilivyovigusa tangu nitoke nyumbani. Havikufika nusu. Kulikuwa na viatu vya ngozi nilivyovizungusha nchi tatu bila kuvitoa kwenye mfuko wake, kana kwamba na wao wamekuja kutalii.

Safari iliyofuata ilikuwa miezi mitano, nchi saba, za joto na za baridi. Nilikwenda na begi la mgongoni la lita 38, na siku ya kuondoka mizani ilisoma kilo 6.8. Nitaeleza nilichojifunza, msinidai mpangilio.

Kwanza kinachonikera. Mtu akisikia habari za kubeba kidogo anakimbilia kununua: begi jipya, nguo za bei mbaya, vimfuko vya kubania nguo vya rangi saba. Vile vimfuko vinapunguza nafasi inayoliwa na nguo, uzito uko palepale, na mwisho vinakudanganya uongeze vitu kwa sababu unaona bado pana uwazi. Mimi mzigo wangu ulipunguzwa na kipande cha sabuni. Ukikubali kufua kila baada ya siku mbili tatu, safari ya wiki moja na ya miezi mitano zina mzigo uleule. Ukikataa kufua, hakuna begi litakalokuokoa.

Kwa hiyo kila nguo naiuliza swali moja: nikikufua saa tatu usiku kwenye sinki, nikakuanika chumbani pasipo jua, saa kumi na mbili asubuhi utakuwa umekauka? Fanyeni jaribio hilo nyumbani wiki moja kabla. Jinzi inafeli, tena ina gramu 700 au zaidi hata ikiwa kavu. Fulana nzito ya pamba inafeli. Sweta la kofia linafeli vibaya, siku ya pili mfuko wa mbele bado mbichi. Suruali nyepesi ya nailoni inapita. Shati la poliesta, au la pamba iliyochanganywa na poliesta, linapita. Sufu nyembamba inapita, ila soksi nene za sufu zinahitaji huruma kidogo.

Na kuna namna ya kukausha ambayo ingekuwa amri yangu, ningeifundisha shuleni. Fua, kamua kwa mikono kawaida, sufu usiisokote maana itavutika umbo. Tandaza taulo kavu, laza nguo juu yake, kunja vyote pamoja kama unavyokunja mkeka, halafu kanyaga ule mkunjo kwa magoti kutoka ncha hii hadi ile. Taulo linanyonya maji ambayo mikono yako isingeyatoa hata ukamue mpaka asubuhi. Ukifungua, fulana imebaki na unyevunyevu tu. Itundike kwenye hanga, hewa ipite mbele na nyuma. Ukiitupa mgongoni mwa kiti, pale inapogusana na kiti patanuka.

Nilichobeba: fulana tatu, shati moja la vifungo, suruali mbili (moja nimeivaa), kaptula moja ambayo ndiyo hiyohiyo ya kuogelea, chupi nne, soksi jozi tatu, sweta jembamba la sufu, koti jepesi la mvua, koti la manyoya ya bata linalojikunja likaingia kwenye mfuko wake lenyewe. Raba miguuni, kandambili begini. Na shuka moja jepesi la pamba. Hilo shuka lilikuwa taulo, blanketi la basi, pazia la kitanda cha bweni, mto nikilikunja, na kitambaa cha kupangia vitu sakafuni. Ningeambiwa nibaki na kitu kimoja nje ya nguo za mwilini, ni hilo.

Rangi: kila cha juu kiendane na kila cha chini. Nguo za juu nne, za chini tatu, tayari una mavazi 12. Ukiweka shati moja linalokubali suruali moja tu, umebeba nguo ya picha.

Kuhusu vitu vya kazi nyingi, hapo niwe mkweli. Sio kila kitu chenye kazi nyingi kina maana. Zile suruali zinazokatwa kwa zipu magotini zikawa kaptula sizipendi. Kama suruali ni pana kama turubai, kama kaptula ina zipu inayokwaruza goti, na vipande vya miguu vinapotea. Kitu kizuri cha kazi mbili ni kile ambacho kazi ya kwanza kinaifanya vizuri kabisa, ya pili ni nyongeza.

Begi lenyewe. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la ndani lisizidi takriban sentimita 55 kwa 40 kwa 20, ya Marekani mengi ni 56 kwa 36 kwa 23, na uzito kwa yanayopima ni kati ya kilo 7 na 10. Sasa sanduku la magurudumu likiwa tupu lina kilo 2.5 mpaka 3. Toa kwenye 7. Umebakiwa na 4, na bado hujaweka hata mswaki. Begi la mgongoni jepesi lina kilo moja na kidogo. Hesabu imeisha.

Nipo. Karibuni.

---

Ngamia

Nimekaa kiti cha mbele. Mkuu, madini haya. Ila kilo 6.8 na laptopu ndani? Maana mimi laptopu, chaja yake na kipanya tu ni kilo 2.5. Au ulikuwa huna kazi? 😀

---

Mzururaji

Nilikuwa nayo ndogo ya inchi 13, kama kilo 1.2. Kilichonisaidia ni kuacha lile tofali la chaja yake. Chaja moja ya wati 65 yenye matundu mawili ikachaji laptopu na simu. Na siku ya kuruka simu, chaja na kitabu vinakaa kwenye mifuko ya koti. Koti la mwilini huwa halipandishwi kwenye mizani. Mengine nawaachia mafundi wa umeme, najua wamo humu.

---

Fundi_wa_Waya

Nimeitwa, nimekuja.

Kabla hujanunua adapta chukua chaja yako usome maandishi madogo mgongoni. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, basi itafanya kazi popote, unachohitaji ni umbo la plagi tu. Chaja karibu zote za simu na laptopu ziko hivyo. Vinavyoua watu ni vitu vya joto: pasi, mashine ya kukaushia nywele, birika dogo la safari. Marekani ni volti 120, Japani 100, Ulaya 230. Mashine ya nywele ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230, nguvu inapanda karibu mara 3.7. Itakausha nywele sekunde chache, halafu moshi. Ya 230 ukiipeleka kwenye 120 inapuliza kama mgonjwa. Adapta haibadilishi volti, inabadilisha umbo tu, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Maumbo ya plagi yamepewa herufi kuanzia A mpaka O. A ni Marekani na Japani, G ni Uingereza, C inaingia sehemu kubwa ya Ulaya bara, I ni Australia. Yale madude ya adapta ya dunia nzima ni mazito, na soketi ikiwa imelegea ukutani yanadondoka usiku, asubuhi unaamka simu ina asilimia 9. Mimi nabeba kiplagi kidogo cha nchi ninayoenda, gramu 30 hivi, na waya mrefu wa mita 2. Waya mrefu hakuna anayeukumbuka mpaka akute soketi iko nyuma ya kabati.

Nyaya nazo punguzeni. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na tundu la USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024, na dunia nzima inaelekea huko. Ukiweza kupata taa, simu, spika za masikioni na mashine ya kunyolea vyote vya tundu hilo, unabeba waya mmoja na wa akiba.

Pawabenki: inakaa ndani na wewe, KAMWE isiwekwe kwenye mzigo wa kukaguliwa. Mpaka ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, na 100 hadi 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu yake: chukua mAh (uwezo ulioandikwa kwenye pawabenki), zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74, salama. Ya 30,000 ni 111, hiyo usipoiombea ruhusa unaweza kuiacha kwenye ndoo pale kwa wakaguzi. Korea Kusini tangu Machi 2025 hawaruhusu hata kuiweka kwenye kabati la juu ya viti, wanataka iwe karibu yako ikianza kutoa moshi ionekane. Na hakikisha maandishi ya uwezo wake hayajafutika, mkaguzi asipoyaona ana haki ya kuikataa.

---

Zuhura_wa_Zipu

Uzi mzuri lakini unasomeka umeandikwa na mwanaume. Sio ugomvi, kaka Mzururaji, naongezea tu nyama.

Kwetu mzigo mkubwa ni vimiminika. Mafuta ya nywele, ya mwili, losheni, shampuu, vyote kila chupa mililita 100, na vyote viingie mfuko mmoja wa plastiki unaoonekana ndani wa lita moja. Sheria hii iko tangu 2006, baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza Agosti ya mwaka ule. Viwanja vichache vyenye skana mpya vimeanza kuruhusu hadi lita 2, ila msishangilie: kiwanja cha kubadilishia ndege kikiwa bado na skana za zamani, chupa yako inaishia pale.

Ujanja ni kugeuza vimiminika kuwa vigumu. Sabuni ya kipande, shampuu ya kipande, deodoranti ya kijiti, mafuta ya mgando yanayokaa kama nta kwenye kikopo. Kipande cha shampuu mimi kilinitosha miezi miwili na zaidi. Tahadhari, ukikifungia kikiwa kimelowa kinageuka uji, kiache kikauke kwanza. Na dawa ya meno inahesabiwa kimiminika, kuna watu wanabishana na wakaguzi kila siku juu ya hili.

Nguo: gauni moja jeusi, jepesi, lisilokunjamana. Mchana na raba, jioni na mkufu, usiku wa baridi na suruali ya kubana chini yake, na likichakaa ni la kulalia. Limenifikisha kwenye harusi niliyoalikwa ghafla, hakuna aliyejua lilikuwa limeanikwa bafuni alfajiri ile. Sidiria mbili, moja isiyo na waya, maana yenye waya haikauki vizuri na ukiikanyaga kwenye taulo kama anavyosema kaka, waya unapinda. Hiyo nimejifunza kwa machungu. Kikombe cha hedhi kwa aliyekwisha kukizoea kinaondoa kasha zima la pedi. Msianze kukijaribu safarini, tafadhali. Jaribuni miezi miwili nyumbani.

Halafu ninyi wanaume mnaongea kama mmevumbua jambo. Nellie Bly, mwandishi wa gazeti wa New York, alizunguka dunia kwa siku 72, akaondoka tarehe 14 Novemba 1889 na kurudi 25 Januari 1890, akiwa na kibegi kimoja cha mkononi. Alikwenda kwa fundi akamwambia nataka gauni la kuvaa miezi mitatu mfululizo, likashonwa siku ileile. Akataka kubeba na jingine, likakataa kuingia, akaliacha. Na mnajua kilichomsumbua njia nzima? Kopo la krimu ya uso. Alitaka kila kitu kiingie, na kopo lile ndilo lilikuwa linagoma. Miaka mia na zaidi, na sisi bado tunapigana na makopo.

---

Ngamia

Zuhura umetupiga na kitu kizito. 😂 Naanza kutafuta gauni jeusi.

---

Kobe

Mimi naomba nipinge kidogo. Kwanza, fulana tatu miezi mitano? Mtanuka wakuu. Pili, kila nikisoma mambo haya naambiwa sufu ya merino, sufu ya merino, ile laini ya kondoo. Bei ya fulana moja unanunua za kawaida tano. Tatu, mimi nakabidhi sanduku langu kaunta, nazunguka mikono mitupu, nalikuta mkandani. Shida iko wapi?

---

Mzururaji

Kobe, hoja nzito, tuzichukue moja moja.

Kunuka. Ukifua mara mbili kwa wiki hunuki, na watu unaokutana nao safarini hawajui jana ulivaa nini kwa sababu jana hamkuwa pamoja. Ila kitambaa kina mambo yake. Poliesta inakauka haraka kuliko zote lakini inashikilia mafuta ya mwili, na bakteria wanakula humo, ndiyo maana fulana ya mazoezi inaweza kunuka hata ikitoka kufuliwa. Sufu inanyonya unyevu ndani ya nyuzi zenyewe, inaweza kufika theluthi ya uzito wake, na harufu inakawia kutoka. Unavaa siku tatu nne, unaitundika usiku, asubuhi inavalika.

Lakini bei uko sahihi, na kuna jambo wauzaji hawalitangazi: inachanika. Fulana yangu ya merino mwezi wa nne ilikuwa na matundu matatu, mawili begani pale mkanda wa begi unaposugua na moja kiunoni kwenye kifungo cha mkanda. Nilikaa kituo cha basi naishona kwa uzi mweusi, fulana ya kijivu, bibi mmoja akakaa kando yangu akawa ananiangalia, mwisho akaninyang'anya sindano akamalizia yeye. Hatukuwa na lugha moja. Akanirudishia, akaninyooshea kidole lile tundu la pili ambalo nilikuwa sijaliona. Tangu hapo najua: sindano na uzi ni gramu tano, na merino inatosha moja, ya kulalia na ya siku za safari ndefu. Nyingine chukua za mchanganyiko wa kawaida ulizonazo kabatini. Sijawahi kusema mtu anunue.

Kuhusu kukabidhi sanduku, sina ugomvi, ni pesa na muda wako. Atakuja mtu wa viwanja vya ndege akueleze.

---

Mkanda_Namba_4

Nimekuja. Nimefanya kazi ya mizigo miaka kadhaa, sitasema wapi.

Mabegi mengi yanafika, tusitishane. Takwimu za 2023 za SITA, kampuni ya teknolojia ya viwanja vya ndege, zinasema mabegi 6.9 kwa kila abiria 1,000 yalichelewa, yaliharibika au yalipotea. Na karibu nusu ya matatizo yanatokea kwenye kubadilisha ndege. Kwa hiyo safari ya moja kwa moja, kabidhi ulale. Safari ya ndege tatu na dakika 50 katikati, hapo unacheza bahati nasibu.

Likikosekana, USITOKE uwanjani kabla hujaandikisha ripoti na kupewa namba. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 kudai kwa maandishi kama begi limeharibika, na siku 21 tangu ulipolipokea kama lilichelewa. Likipita siku 21 halijaonekana, unaweza kudai kama lililopotea. Kikomo cha fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) tangu mwisho wa 2024, kwa hiyo vito vya bibi msiweke mle. Piga picha begi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Watu wanafika pale wanaambiwa eleza begi lako, wanasema "jeusi, lina magurudumu". Ndugu yangu, nina meusi mia mbili hapa.

---

Nesi_Njiani

Dawa jamani. Nimeona mtu kahamishia vidonge vyake vyote kwenye kikopo kimoja kupunguza nafasi, vyeupe vidogo na vyeupe vidogo vingine. Akasimamishwa mpakani akawa hawezi kueleza kipi ni kipi. Acheni dawa kwenye pakiti zake zenye jina, boksi la nje ndilo mlitupe, bakini na karatasi ya vidonge na lebo. Cheti cha daktari kiandike jina la kitabibu la dawa, maana jina la dukani linabadilika nchi hadi nchi. Ziwe mkononi, sio kwenye mzigo wa kukabidhi.

Na msichukulie kwamba cheti kinafungua kila mlango. Japani, kwa mfano, dawa zenye amphetamine haziingii hata ukiwa na cheti, ingawa kwingine madaktari wanaziandika kawaida kwa watu wenye shida ya umakini. Dawa za maumivu zenye kodeini nazo zina masharti nchi nyingi. Ulizeni ubalozi kabla.

Hayo mengine ya huduma ya kwanza punguzeni. Plasta chache, dawa ya maumivu, ya kuharisha na chumvi za kuongezea maji, basi. Maduka ya dawa yapo kila mahali.

---

Mgeni_Mwema

Shikamooni wakubwa. Mimi nakwenda kusoma mwaka mzima, nimeambiwa baridi inafika hasi 15. Nifuate uzi huu au nifunge sanduku kubwa?

---

Mzururaji

Marahaba mdogo wangu. Uzi huu ni wa mtu anayehamahama. Wewe unakwenda kuishi mahali pamoja, utakuwa na kabati. Beba sanduku kama una ruhusa nalo, ila lisijae makoti uliyonunua nchi isiyojua baridi. Yanakuwa mazito na hayafanyi kazi. Nenda na tabaka: fulana ndefu ya ndani ya sufu au poliesta inayobana mwili, sweta la kati, na koti la juu la kuzuia upepo. Hewa inayonaswa katikati ya tabaka ndiyo inayokupa joto. Pamba isikae kwenye ngozi, ikilowa jasho inabaki na maji na utaganda umesimama. Hilo koti kubwa la mwisho na buti nunua ukishafika, wenyeji wanajua wanachouza.

Koti la manyoya ya bata lina kasoro moja, likilowa linasinyaa na joto linakwisha. Sehemu ya theluji kavu ni zuri sana. Sehemu ya mvua ya baridi, chukua lililojazwa nyuzi za kutengenezwa.

---

Baba_Watatu

Mimi nasafiri na watoto watatu. Naombeni mnisamehe, nimesoma yote nikacheka. Ila la shuka nimelichukua, na la taulo nimelijaribu jana, mwanangu wa miaka sita ndiye mkanyagaji. Fulana zimekauka. Swali langu, viatu. Mtu wa namba 46 anafanyaje?

---

Mzururaji

Vaa vizito, beba vyepesi, na visizidi jozi mbili, hakuna namna. Kwa namba 46 jozi ya tatu inakula robo ya begi. Raba nyeusi isiyo na maandishi makubwa inaingia hata kwenye ofisi ukiipangusa. Na kile kiatu cha begini kijaze soksi na chaja ndani, usisafirishe hewa. Kiatu kipya usikianzie safari hata siku moja. Nilifanya hivyo, siku ya tatu nikawa natembea na kandambili kwenye mvua nimebeba viatu mkononi.

---

Kobe

Nimerudi. Nimejaribu lile jaribio la saa tatu usiku. Suruali zangu nne, imepita moja. Halafu ni ile niliyokuwa naidharau, aliyoninunulia mke wangu sokoni.

---

Zuhura_wa_Zipu

Mwambie asante basi. 😂

---

Fundi_wa_Waya

Mzururaji, mdogo wako kasemaje? Zile suruali tisa?

---

Mzururaji

Kasoma uzi wote, hata majibu. Zimebaki tano. Anasema mazungumzo yanaendelea, ila jinzi moja haijadiliwi. Anaondoka Alhamisi usiku, nimempa taulo.